Nani Kalimbikiza? Kitenzi cha Kiingereza "Build Up" na Wajibu wa Mwandishi wa Kiswahili



Nimeombwa nizungumze juu ya visawe, nami nimechagua kitenzi kimoja tu cha Kiingereza: "build up". Mfasiri wa Kiswahili hukutana nacho kila wiki. Kimo katika taarifa za benki, katika ripoti za mazingira, katika vipeperushi vya hospitali na katika habari za vita. Hutumika kwa vitu vinavyoongezeka kidogo kidogo mpaka vikawa vingi: akiba, lehemu kwenye mishipa ya damu, tope bwawani, hasira, silaha mpakani.

Lakini sikukichagua kwa sababu ya wingi wake peke yake. Ndani ya kitenzi hiki limo swali linalohusu haki za watu. Kitu kilichoanza kidogo kikafika kuwa kingi, je, tuseme kimeongezeka, au tuseme nani amekiongeza? Hoja yangu jioni hii ni kwamba Kiswahili kina zana za kulijibu swali hilo kwa usahihi mkubwa, na kwamba mwandishi anayeziacha zana hizo kabatini humnyima msomaji jambo ambalo alikuwa na haki ya kulijua.

KITENZI NA KIJINENO CHAKE

Wanasarufi huita umbo la namna hii kitenzi kirai: kitenzi cha kawaida kinachoandamana na kijineno kama "up", "off" au "in", na viwili hivyo vikishakaa pamoja huzaa maana ambayo huwezi kuipata kwa kujumlisha sehemu zake. Samuel Johnson, katika utangulizi wa kamusi yake ya mwaka 1755, alivitaja vitenzi hivi kuwa miongoni mwa mambo yanayowatatiza sana wageni wanaojifunza Kiingereza. Jina la Kiingereza la vitenzi hivi, "phrasal verb", lilienea baada ya Logan Pearsall Smith kulitumia katika kitabu chake cha 1925, naye alieleza kuwa amelipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford.

"Build" ni kujenga, na asili yake katika Kiingereza cha kale inahusiana na neno la makazi, mahali pa kuishi. "Up" ni juu. Basi picha ya mwanzo ni ya ukuta unaopanda tofali juu ya tofali. Picha hiyo imekwenda mbali. Leo Mwingereza husema presha ya mvuke inajijenga, foleni ya magari inajijenga, vumbi linajijenga, na masikio yake hayaoni ajabu yoyote, ingawa hakuna fundi wala tofali.

Kipo kipengele kimoja cha kisarufi ambacho ndicho mzizi wa mhadhara huu. Kitenzi hiki hutumika kwa njia mbili bila kubadilika umbo. Mtu anaweza kukitumia pamoja na mtendwa: mfanyabiashara amejenga akiba yake. Na kitu kinaweza kusimama chenyewe kama kiima: sumu imejijenga mwilini. Umbo ni lile lile. Mtendaji akiwepo, yupo. Akiondolewa, sentensi haioneshi pengo.

NDUGU ZAKE WA KARIBU

Mwaka 1852 daktari Peter Mark Roget alichapisha kitabu kilichopanga maneno ya Kiingereza kwa kufuata maana badala ya kufuata herufi. Sisi nasi tunayo kazi ya Mohamed A. Mohamed na Said Ahmed Mohamed, Kamusi ya Visawe. Vitabu vya aina hii ni hazina, lakini vinahitaji msomaji mwangalifu, kwa sababu maneno yaliyopangwa mstari mmoja huonekana kama yanaweza kubadilishana nafasi. Tuwaangalie ndugu za "build up" mmoja mmoja tuone kama wanaweza.

"Accumulate" ni rasmi zaidi. Limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya lundo, lile lile yalilopewa mawingu manene yanayofanana na marundo ya pamba. Linapendwa na wanasayansi na wanasheria. "Accrue" ni la wahasibu na mawakili, na asili yake ni kukua: riba hukua juu ya deni, siku za likizo hukua kadiri mfanyakazi anavyoendelea kazini. "Amass" kwa kawaida hutaka mtu: mtu fulani amekusanya utajiri mkubwa, na aghalabu ndani yake mna kauli ya kwamba utajiri huo umepita kiasi. "Pile up" ni la nyumbani na ofisini, hutumika kwa vyombo visivyooshwa, barua zisizojibiwa na madeni, na karibu siku zote hubeba dalili ya uzembe au kulemewa. "Mount up" hutumika kwa gharama zinazopanda bila mtu kuzitazama. "Run up" hutumika kwa deni, na hapo mdaiwa lazima atajwe, kwa sababu deni la namna hii haliwezi kujikopa.

Mkiwapanga ndugu hawa kwa kuuliza swali moja tu, kwamba mtendaji yuko wapi, mtaona wamejigawa wenyewe. "Amass" na "run up" humsimamisha mtu mbele. "Accrue" na "mount up" kwa kawaida humweka kando. "Accumulate", "pile up" na "build up" hukubali hali zote mbili. Kwa hiyo mwandishi wa Kiingereza anapochagua mojawapo, amechagua pia kiasi cha mwanga atakaomulikia aliyehusika.

WALICHOKIONA WATAFITI

Katika miaka ya 1980, pale Chuo Kikuu cha Birmingham, John Sinclair na wenzake walikusanya maandishi mengi ya Kiingereza ndani ya kompyuta ili watunge kamusi itakayotokana na matumizi halisi. Kamusi hiyo ilitoka mwaka 1987. Kazi hiyo iliwafunulia mambo ambayo jicho la msomaji wa kawaida lilikuwa halijayaona. Mfano wa Sinclair unaojulikana sana ni kitenzi "set in": vitu vinavyoanza na kukita kwa kitenzi hicho aghalabu ni vibaya, kama vile uozo, maambukizi na kukata tamaa. Kamusi za zamani zilikuwa hazijalisema hilo.

Bill Louw, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Zimbabwe, alilichukua wazo hilo na kulipeleka mbele katika makala ya mwaka 1993, iliyochapwa ndani ya kitabu cha kumuenzi Sinclair. Jambo hilo likaitwa prosodia ya maana, yaani hisia ambayo neno huipata kutokana na maneno ambayo limezoea kukaa nayo. Miongoni mwa mifano yake kimo kitenzi chetu. Mtu anapokuwa kiima na kitenzi kikawa na mtendwa, mambo yanayojengwa huwa mema: taasisi, maelewano, biashara. Vitu vinapokuwa kiima na kuongezeka vyenyewe, huwa vibaya: lehemu, sumu, silaha.

Naomba tulitazame jambo hili kwa makini, hasa neno la mwisho. Lehemu inaweza kweli kuganda kwenye mshipa bila mtu kukusudia. Lakini silaha? Hakuna bunduki iliyojizaa ghalani. Kuna aliyeagiza, kuna aliyelipa, kuna aliyesafirisha, kuna aliyetia saini. Hata hivyo mazoea ya lugha yameziweka silaha katika safu moja na lehemu. Mtu anapojenga jema, jina lake hutajwa. Baya linapozidi, husemwa limezidi lenyewe. Wazungumzaji wa Kiingereza hawakukaa kikao wakaamua hivyo. Ni mazoea yaliyoota katika mamilioni ya sentensi, na ndiyo sababu ni vigumu kuyaona bila kompyuta.

NGAZI NNE ZA KISWAHILI

Sasa tuje nyumbani. Kiingereza huweka kijineno nyuma ya kitenzi. Kiswahili huweka viambishi ndani ya kitenzi chenyewe, na viambishi hivyo hutuambia habari za mtendaji. Tuchukue mali na tuipandishe ngazi moja baada ya nyingine.

Ngazi ya kwanza: mali imerundikana mikononi mwa wachache. Mwisho huu wa -ana tunaujua katika kusongamana, kushikamana na kufungamana. Huonyesha vitu vilivyokaa pamoja vikabanana. Hatuambiwi nani aliviweka hapo.

Ngazi ya pili: mali imelimbikizwa mikononi mwa wachache. Hapa kauli ni ya kutendwa. Mtendaji hajatajwa, lakini sarufi yenyewe inakiri kuwa yupo, na msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani?

Ngazi ya tatu: wachache wamelimbikiza mali. Mtendaji amesimama mwanzo wa sentensi.

Ngazi ya nne: wachache wamejilimbikizia mali. Kiambishi -ji- na mnyambuliko wa kutendea vimeongeza jambo lisilokuwemo katika ngazi ya tatu, yaani kwamba aliyekusanya na aliyekusanyiwa ni yule yule. Neno moja limebeba kitendo, mtendaji na mnufaika.

Sidhani kama ni bahati tu kwamba neno kujilimbikizia lilipata nguvu katika msamiati wa siasa ya Ujamaa. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka miiko kwa viongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Miiko hiyo ilihitaji neno litakalotofautisha aliyeweka akiba kwa jasho lake na aliyetumia cheo chake kuvutia vya umma upande wake. Neno lilikuwapo tayari ndani ya mnyambuliko. Miiko ile ililegezwa kwa uamuzi uliofikiwa Zanzibar mwaka 1991, na baadaye ikaja sheria ya maadili ya viongozi wa umma ya mwaka 1995 inayowataka viongozi watangaze mali na madeni yao. Watu wanaweza kutofautiana juu ya siasa ya miaka ile, lakini neno lenyewe lingali hai, na raia yeyote anajua likitamkwa linamhusu nani.

Kwa hiyo ninapoona mwandishi wa leo akibaki ngazi ya kwanza wakati ushahidi alionao unamruhusu kupanda hadi ya tatu au ya nne, nasikitika. Tazameni vichwa vya habari vyetu. Mlundikano wa mashauri mahakamani, wanasema Tanzania. Mrundiko wa kesi, wanasema Kenya. Malimbikizo ya mishahara. Msongamano wa mahabusu. Nomino hizi ni sahihi kabisa, wala siombi zifutwe. Lakini nomino haina mtendaji. Mashauri yamerundikana kwa sababu mahakimu ni wachache, au kwa sababu kesi imeahirishwa tena na tena upelelezi ukiwa haujakamilika, au kwa sababu mawakili wameomba tarehe nyingine. Kila sababu ina mwenyewe, na kila mwenyewe ana ofisi. Mwalimu anayedai malimbikizo ya mshahara wake hakulimbikiza kitu. Kuna mwajiri ambaye mwezi ulifika hakumlipa, na mwezi wa pili ukafika hakumlipa. Nomino imefanya deni la mwajiri lionekane kama hali ya hewa.

PALE AMBAPO MTENDAJI SI MMOJA

Nisieleweke vibaya. Siko hapa kusema kila kitu kinachoongezeka kina mkosaji, wala kwamba mwandishi ageuke mwendesha mashtaka. Kiswahili kimejaliwa pia maneno ya vitu vinavyoongezeka kwa tabia zao, na ni utajiri mkubwa. Mawingu hutanda. Maji hutuama. Mafuta huganda. Ukoga hushika kwenye meno. Magari husongamana. Mto hufura. Hasira hupanda, kinyongo hujaa, deni hukua. Mfasiri mvivu huandika kila mahali kwamba kitu "kimejijenga", na kwa kufanya hivyo amefuta kazi ya vizazi vya watu walioangalia kila kitu kinavyoongezeka wakakipa kitenzi chake. Mgonjwa aliyeambiwa maji yamejaa kwenye mapafu ameelewa. Aliyeambiwa yamejijenga amebaki na fumbo.

Halafu kuna hali ya katikati, nayo ndiyo ngumu. Chukueni Bwawa la Masinga kwenye Mto Tana, nchini Kenya, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuhifadhi maji ya kuzalishia umeme. Mvua hushuka kwenye miteremko ya Nyandarua na Mlima Kenya, hubeba udongo wa mashamba yasiyo na matuta na kingo za mito zilizolimwa mpaka ukingoni, na udongo huo huishia bwawani. Bwawa linajaa tope. Nani kalijaza? Hakuna mkulima mmoja unayeweza kumnyooshea kidole. Kila mmoja ameongeza kidogo, na wengi wao walilima mteremko kwa sababu hawakuwa na pengine pa kulima. Hapa kusema tope limejaa ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu nyingine ni kutaja mashamba, matuta na ugawaji wa ardhi.

Hewa tunayovuta ina habari hiyo hiyo kwa kipimo kikubwa zaidi. Mwaka 1958 Charles David Keeling alianza kupima gesi ya kaboni dioksidi juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii. Wakati ule ilikuwa takriban sehemu 315 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Sasa imevuka 420. Tukiandika kwamba gesi imerundikana angani, tumemaliza sentensi bila kutaja makaa ya mawe, mafuta ya petroli wala misitu iliyochomwa, na bila kusema kuwa sehemu kubwa zaidi ya gesi hiyo ilitoka katika nchi zilizotangulia kujenga viwanda. Mkulima wa Dodoma anayesubiri mvua na mvuvi wa Lamu anayeona bahari ikila ufuo wana haki ya kusomewa sentensi nzima kwa lugha yao.

Methali yetu ya haba na haba hujaza kibaba inasaidia hapa. Tumezoea kuitumia kumsifu mwenye subira, lakini tazameni sarufi yake: kiima ni haba yenyewe. Kidogo ndicho kinachojaza. Methali haikifanyi kibaba kijijaze. Inakielekeza kila kidogo kiwajibike kwa sehemu yake. Huo ndio usahihi tunaouhitaji pale ambapo mikono ni mingi. Haulazimishi mkosaji mmoja, wala haumsamehe kila mtu.

UPANDE WA HERI

Ingekuwa dhuluma kumaliza bila kutaja upande mwema wa jambo hili, kwa kuwa Kiswahili kina maneno mazuri sana ya kuongeza kidogo kidogo kwa nia njema. Kulimbika, kabla ya kuzaa kulimbikiza, ni kuyaacha maji ya kisima yajikusanye kabla ya kuteka, au kuyaweka matunda mpaka yaive. Ndani yake mna adabu ya kungoja. Anayelimbika hachukui cha mtu. Anakipa kitu muda wake. Inatufundisha jambo kwamba tofauti ya kulimbika na kujilimbikizia ni viambishi vichache tu, lakini kimaadili umbali wake ni mkubwa mno.

Kudunduliza ni kuweka akiba kidogo kidogo, kama anavyofanya mama muuza mboga mwenye kibubu chini ya kitanda. Kuchanga ni kuongeza kwa pamoja, na jamii zetu zimejenga juu yake mifumo mizima: upatu na vikoba Tanzania, vyama Kenya. Katika mifumo hiyo mtendaji hafichwi hata kidogo. Kuna daftari, kuna jina la kila mwanachama, kuna tarehe na kiasi. Wanawake waliokaa kwenye mkeka kuhesabu hisa zao wanajua bila kufundishwa na mtu kwamba fedha iliyokusanywa lazima ijulikane imekusanywa na nani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wanachodai kwa shilingi zao ndicho ninachodai kwa sentensi zetu.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Napendekeza mambo matatu, nayo yanaweza kuanza kesho asubuhi.

Kwa wafasiri: mkikutana na "build up" au ndugu zake, msikimbilie kisawe. Ulizeni kwanza ni kitu gani kinachoongezeka, kwa sababu Kiswahili huenda kimeshakipa kitenzi chake. Kisha ulizeni kama yupo aliyekiongeza. Akiwepo, na matini ya asili imemtaja, msimpoteze njiani kwa kutumia -ana pale palipotakiwa -iza. Kama matini ya asili imemficha, tafsirini kwa uaminifu, lakini chagueni kauli ya kutendwa inayobakiza alama kwamba mtu yupo.

Kwa waandishi wa habari: kabla ya kuandika malimbikizo, mlundikano au msongamano, pigeni simu moja zaidi. Ulizeni nani hakulipa, nani aliahirisha, nani aliagiza, tangu lini. Mkipata jibu lenye ushahidi, liwekeni kwenye sentensi ya kwanza, wala msilisubirishe hadi ya kumi. Mkikosa, andikeni wazi kwamba mmeuliza na hamkujibiwa.

Kwa walimu: mnyambuliko wa vitenzi umekuwa somo la kujaza nafasi zilizoachwa wazi kwenye karatasi ya mtihani. Wapeni wanafunzi gazeti la wiki hiyo. Waambieni watafute kila kitu kilichoongezeka, kisha wapandishe kila sentensi ngazi nne, na waeleze ni ngazi ipi ushahidi unairuhusu. Watajifunza sarufi zaidi kwa saa moja kuliko walivyojifunza kwa muhula, na watakuwa wamejifunza uraia pia.

Kompyuta za Birmingham ziliwaonyesha Waingereza kwamba lugha yao ina mazoea ya kumtaja mtu kwenye jema na kumfuta kwenye baya. Kiswahili nacho kinaweza kuota mazoea hayo hayo, hasa tukiendelea kutafsiri neno kwa neno kutoka matini za Kiingereza. Bado hatujafika huko. Lugha yetu ingali na kulimbikiza, ingali na kujilimbikizia, na watu wetu wanajua tofauti yake. Tuziandike sentensi zetu ili mwalimu anayedai mshahara wake akifungua gazeti akute mwajiri ametajwa kwa jina la ofisi yake, pamoja na mwezi ambao kwa mara ya kwanza hakulipa.